Kano ya goti imeshonwa lakini goti limegoma: nitabeba tena lini?

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni mgumu, yaani mbeba mizigo wa Mlima Kilimanjaro, nina miaka 34, naishi Pasua hapa Moshi. Mwishoni mwa mwezi wa kwanza, tukishuka kutoka kambi ya Barafu kwenda Mweka, niliteleza na mzigo, mguu wa kulia ukabaki nyuma umekunjika, nikasikia kitu kimekatika chini ya pia ya goti. Mguu ukagoma kunyooka kabisa. Baada ya siku chache nilifanyiwa operesheni, kano ikashonwa, nikafungwa hogo (plasta ngumu) wiki 6. Sasa ni wiki ya 9. Goti halikunji hata kufikia kukaa vizuri kwenye kiti. Nikilala chali nikainua mguu, goti linalegea, kisigino kinabaki chini. Usiku naweka mto chini ya goti ndiyo napata usingizi. Kuna mzee mchuaji anasema akilikunja kwa nguvu mara tatu litaachia. Mke wangu anasema nisiguse mazoezi mpaka lipone. Nimfuate nani? Na Juni msimu ukifunguka, nitaweza kubeba?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Pole kwa maumivu, na pole kwa miezi ya kukaa bila kazi.

Usimfuate yeyote kati ya hao wawili. Najua wote wanakutakia mema, lakini mzee ana haraka na mkeo ana hofu, na goti lako halitaki haraka wala hofu. Linataka mazoezi, tena kuanzia leo na kila siku. Ila kitu cha kwanza cha kupigania si kukunja kama unavyodhani. Ni kunyoosha, kwa nguvu ya paja lako mwenyewe, mpaka mwisho.

Kano iliyokatika ni ile nene unayoweza kuishika kwa vidole, inayotoka chini ya pia ya goti na kujishikiza kwenye kinundu cha mfupa wa ugoko. Misuli mikubwa ya mbele ya paja inavuta pia ya goti, pia hiyo inavuta kano, kano inavuta ugoko, mguu unanyooka. Kano ikikatika kabisa, paja linavuta bila kushika kitu. Pia ya goti inapanda juu na mguu unagoma, kama wako ulivyogoma pale njiani. Dalili hiyo ningependa kila guide na kila mgumu aijue: mtu ameanguka, goti limevimba, ukimwambia anyooshe mguu akiwa amekaa hawezi. Huyo hajateguka. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Wapo wanaokaa nyumbani wiki kadhaa wakipaka dawa ya kuchua, misuli inajikunyata, pia ya goti inaganda huko juu, na daktari wa mifupa anapata kazi kubwa ya kuirudisha mahali pake. Wewe uliwahi, na hilo litakusaidia mpaka mwisho wa safari hii.

Sasa nimjibu mkeo. Uzi wa daktari kazi yake ni kuzishikilia ncha mbili za kano zisiachane, kuunga ni kazi ya mwili. Wiki za mwanzo mwili unajaza pengo kwa nyuzinyuzi laini zilizolala ovyo, kila moja na upande wake. Ili zijipange kuelekea upande mmoja zinahitaji kuvutwa, kidogo kidogo, mara nyingi, kama katani inavyochanwa na kunyooshwa kabla haijasokotwa kuwa kamba. Zisipovutwa zinabaki zimechangamana, na kano inakuwa nene lakini dhaifu. Kujipanga huko kunaendelea mwaka mzima na zaidi. Kwa hiyo ukisubiri lipone ndipo uanze, siku hiyo haitafika, kwa sababu mazoezi ni sehemu ya kupona kwenyewe.

Mzee naye nimwambie waziwazi: hapana. Katika wiki ya 9 kano imeunga lakini haina nguvu ya kuhimili mtu mzima anayelikunja goti kwa uzito wake huku wewe umekaza paja kwa maumivu. Ikichanika tena, operesheni ya pili inafanyika kwenye kovu, na matokeo yake huwa si mazuri kama ya kwanza. Hata isipochanika, inaweza kurefuka. Kano iliyorefuka ni msiba wa kimya: goti litakunja vizuri, lakini hutaweza kulinyoosha kwa nguvu tena, na kwenye mteremko litakuangusha. Halafu kuna hatari nyingine. Mguu uliokaa kwenye hogo muda mrefu unaweza kuwa na damu iliyoganda kwenye mishipa ya shavu la mguu. Kuchua shavu hilo kwa nguvu kunaweza kuling'oa donge likaenda mpaka mapafuni, na hilo linaua. Ukiona shavu la mguu huo limevimba kuliko la pili, ni gumu, lina joto na linauma, au ukapata kifua kuuma na pumzi kukata, usisubiri asubuhi.

Turudi kwenye ule mguu unaolegea ukiuinua. Fanya jaribio dogo. Lala chali kitandani, mwambie mkeo akushike kisigino na kukuinua mguu taratibu, wewe ukiwa umelegea. Goti likinyooka lote mikononi mwake, lakini ukiinua mwenyewe linapinda, basi kiungo hakina shida. Shida ni paja limesinyaa na limesahau kazi yake. Likigoma kunyooka hata mikononi mwake, basi kuna ukakamavu nyuma ya goti pia, na huo mto wa usiku umechangia. Utoe leo. Goti linalolala limepinda kila usiku linazoea kupinda, na nyuzi 5 tu (digrii za pembe ya goti) za kunyooka zikipotea zinaweza kukufanya uchechemee maisha yako yote. Ukitaka kuinua mguu upunguze uvimbe, weka mto chini ya kisigino, goti likae hewani.

Hilo ndilo zoezi la kwanza. Kunja kanga iwe kama roli nene, weka chini ya kisigino, acha uzito wa mguu wenyewe ulishushe goti. Dakika 10, mara tatu kwa siku. Ni rahisi sana kiasi kwamba watu wanalidharau, na wanaolidharau ndio wanaorudi kwangu miezi sita baadaye wakichechemea.

La pili ni kuliamsha paja. Hamisha ile roli iwe chini ya goti, ikiwa nyembamba safari hii. Likandamize goti kuelekea chini kana kwamba unataka kuipasua kanga, huku umevuta vidole vya mguu kuja kwako. Weka kiganja juu ya paja, kwa ndani, karibu na goti: hapo kuna msuli unaopaswa kujaa na kuwa mgumu. Usipojaa, rudia mpaka ujae. Tazama na pia ya goti, inatakiwa isogee kidogo kuelekea pajani. Bana kwa sekunde 5, achia, mara kumi, na seti hiyo irudie kila saa unapokuwa macho. Kama goti bado limejaa maji, msuli utakuwa mzito kuitika, kwa sababu uvimbe ndani ya kiungo unazima misuli ya paja hata kama mtu ana nia ya chuma. Ndiyo maana barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 baada ya mazoezi ina faida kubwa kuliko dawa ya kuchua. Kwenye idara nyingi za fiziotherapia kuna mashine ndogo ya umeme inayokaza msuli. Uliza, kwa mtu wa hali yako inasaidia kweli.

Usifanye lile zoezi la kuinua mguu mzima huku goti linalegea. Ukiliinua likiwa limepinda unaifundisha kano kubeba ikiwa imelegea. Kaza kwanza, hakikisha limenyooka, ndipo uinue mguu kimo cha kiganja kimoja tu kutoka kitandani. Likianza kulegea, shusha. Inua mara tatu safi, achana na ishirini mbovu. Siku utakapoweza kuinua mara kumi bila goti kulegea hata kidogo, umevuka mto mkubwa kuliko yote, na mimi ningeishangilia siku hiyo kuliko siku goti litakapofika nyuzi 90.

Kukunja hatukuachi. Wengi wanaotumia breisi, kifaa cha kushikilia goti, ya kufungulia nyuzi kidogo kidogo hufika nyuzi 90 kati ya wiki ya 6 na ya 8, na karibu 120 zikifika wiki 12. Wewe ulifungwa hogo, hivyo goti lako lina wiki tatu tu za uhuru, usijilinganishe nao. Kaa sakafuni, kwenye saruji laini, vaa soksi au weka kisigino juu ya mfuko wa plastiki, pitisha kanga kwenye unyayo, uvute kisigino kuelekea makalio taratibu mpaka unapohisi kubanwa, siyo kuchanika. Kaa hapo ukihesabu mpaka thelathini, rudi. Ukimaliza, kaa ukingoni mwa kitanda kirefu, mguu mzima ukiwa chini ya ule mbovu kama mlinzi, uache ushuke wenyewe. Kabla ya yote hayo shika pia ya goti kwa vidole gumba viwili uisogeze kushoto na kulia, juu na chini, dakika mbili tatu. Pia isiyosogea hairuhusu goti kukunja, hata uvute vipi. Mshono ukiwa umefunga vizuri, bila kidonda wala majimaji, paka mafuta na ulichue kovu lenyewe kwa kidole, duara ndogondogo. Kuchua huko nakuruhusu.

Ukipata nyuzi 5 hadi 10 kwa wiki, tumekwenda vizuri. Usizipime kwa macho. Azima futi ya fundi cherehani: lala chali, vuta kisigino, mkeo apime kutoka kisigino hadi makalio. Futi hiyo hiyo itumike kupima paja, sentimita 15 juu ya pia ya goti, mguu wa kulia na wa kushoto, kila Jumapili. Utashtuka ukiona tofauti, na ni vizuri ushtuke, maana namba hiyo ndiyo itakayokwambia ukweli pale moyo unapotamani mlima. Zikipita wiki tatu au nne za mazoezi ya kweli na kukunja hakujasogea, rudi kwa daktari aliyekushona. Ana njia zake za kuachia goti lililoganda, chini ya usingizi wa dawa na kwa kipimo, na hizo hazifanani kabisa na za mzee.

Kuhusu maumivu, nina kanuni moja. Kwenye kipimo cha sifuri hadi kumi, tatu au nne wakati wa zoezi inavumilika, mradi asubuhi yake goti liwe kama lilivyokuwa. Ukiamka limevimba na lina joto, jana ulizidisha. Punguza nusu, usiache. Na tafadhali usizime maumivu kwa sindano za diklofenaki ili ufanye mazoezi makali. Ukizima maumivu huna tena wa kukuonya, na figo na tumbo navyo vinalipa. Yeyote akikushauri sindano ya steroidi kwenye kano hiyo, kataa. Jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui: antibayotiki za kundi la siprofloksasini, ile sipro inayonunuliwa duka la dawa kwa UTI au tumbo la kuhara, zimethibitika kudhoofisha kano na hata kuzikata. Ukiumwa, mwambie anayekutibu kwamba umeshonwa kano, atakutafutia nyingine. Sigara nayo inachelewesha kuunga.

Nyumbani kuna mambo ambayo hospitali huwa hatuulizi. Choo cha kuchuchumaa kwako hakiwezekani kwa miezi kadhaa, kwa sababu kuchuchumaa kunataka zaidi ya nyuzi 120 tena kwa uzito wa mwili mzima. Chukua kiti cha plastiki, kitobolewe katikati, kiwekwe juu ya tundu. Bodaboda nayo acha: kupanda nyuma kunalikunja goti kuliko lilivyo tayari, na kuendesha ndiyo kabisa, breki ya mguu iko kulia. Magongo usiyatupe kwa kuona aibu. Ukifika kwenye gongo moja, lishike mkono wa kushoto, upande wa mguu mzima, siyo kulia kama wengi wanavyofanya. Tembea kisigino kitangulie, goti likunje kidogo unapouvuta mguu. Wanaotembea mguu umekakamaa na kuuzungusha kwa pembeni huondoka na maumivu ya kiuno juu ya maumivu ya goti. Kama daktari bado anataka goti lishikiliwe ukitoka nje, karakana ya vifaa saidizi pale hospitali ya KCMC wanatengeneza breisi kwa kipimo cha mguu wako. Moja ya vyuo vya zamani vya fani hiyo Afrika, TATCOT, kiko hapo hapo.

Nije mlimani, maana najua barua yako yote ilikuwa inaelekea huko.

Watu huuliza kama goti litaweza kupanda. Kupanda siyo mtihani. Unapopanda, paja linasukuma, na ukichoka unasimama. Unaposhuka, paja linakaza huku linarefuka, linaushikilia mwili usianguke, kila hatua, na kano inabeba mara kadhaa ya uzito wako. Kutoka Barafu hadi Geti la Mweka mnashuka karibu mita 3,000, kwenye vumbi na mawe, kisha mizizi na matope, na begani au kichwani kuna mpaka kilo 20 za mzigo kwa kanuni, mbali na begi lako mwenyewe. Uliumia ukishuka. Basi na maandalizi yako yote yalenge kushuka.

Zikipita wiki 12, kama goti linanyooka bila kulegea na mtaalamu wako ameridhika, anza kukaa na kuinuka kwenye kiti kirefu bila kushika kitu, kisha kiti kifupi zaidi. Halafu tafuta tofali la saruji la inchi 5, lilaze, liwe imara. Simama juu yake kwa mguu wa kulia, karibu na ukuta. Shusha kisigino cha kushoto mpaka kiguse chini kwa shida, kama unagusa yai, ukihesabu moja mpaka nne, kisha inuka kwa mguu wa kulia. Weka kioo mbele yako. Goti likikimbilia ndani kuelekea goti la pili, au kiuno kikidondoka upande mmoja, hiyo haihesabiki. Hapo ndipo utakapojua kama una paja au huna. Nimewaona wanaume waliofika kileleni zaidi ya wanavyoweza kukumbuka wakitetemeka juu ya tofali moja, na hakuna aibu yoyote. Msuli uliolala wiki nyingi hauna kumbukumbu ya sifa. Ukiweza kushuka mara kumi na tano safi kwa kila mguu, na kulia na kushoto visitofautiane, ongeza tofali la pili.

Barabarani, anzia kwenye tambarare. Njia za Msitu wa Rau zinafaa sana: kivuli, ardhi laini, hakuna mteremko. Baadaye elekea Kibosho, na hapa fanya nitakavyokwambia. Kwa wiki kadhaa panda kwa miguu na urudi kwa daladala. Goti likizoea, asubuhi yake likiwa halijavimba, geuza: panda kwa daladala ushuke kwa miguu, kilomita moja, kisha mbili, ukiwa na fimbo mbili. Ndipo uongeze begi la kilo 5, kisha 10. Ruka hatua moja na goti litakurudisha nyuma hatua tatu.

Juni haiwezekani. Nakwambia hivyo nikijua una watoto wa kulisha. Juni utakuwa na miezi minne na kidogo, muda ambao watu wengi ndiyo kwanza wanaruhusiwa kukimbia polepole kwenye tambarare. Mambo yakienda vizuri, Septemba au Oktoba, miezi minane au tisa, unaweza kupanda na begi jepesi, kwa kazi kama ya kambini au msaidizi wa mpishi, tena kwa njia fupi. Kilo 20 kwenye mteremko wa Mweka, nenda nazo kwenye msimu wa Desemba, na iwe baada ya paja la kulia kufikia angalau asilimia 90 ya nguvu ya kushoto likipimwa na mtaalamu, siyo kwa kukadiria.

Kwa hiyo zungumza na kampuni yako sasa, siyo Mei wakati orodha za safari zimeshapangwa. Uliumia kazini, na kuumia kazini kunaangukia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2008. Mwajiri ndiye anayetakiwa kutoa taarifa ya ajali. Muulize kama alifanya hivyo, na kama hakufanya, nenda mwenyewe ofisini kwao ukaulize haki yako, usichelewe. Kusanya karatasi ya operesheni, picha za eksirei za kabla na baada, kadi ya kliniki na jina la guide aliyekuwepo siku ile. Karatasi ya operesheni itoe nakala mbili. Moja iende kwenye madai, nyingine njoo nayo kliniki ya fiziotherapia wiki hii, kwa sababu anayekufanyisha mazoezi anapaswa kujua kano ilishonwa wapi, kwa uzi au waya, na daktari alisema goti likunjwe mpaka nyuzi ngapi.